Kwa vijana wetu wahubiri mlioko Marekani: someni habari za Worcester na Wacherokee

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi mnaohubiri kwa Kiswahili katika makanisa ya huko Marekani. Wengine mlitokea kambi za wakimbizi, wengine mlikwenda kusoma mkabaki. Nawasikiliza mtandaoni, na nasikia hoja mbili zinazopingana. Huyu anasema taifa hilo lilizaliwa mikononi mwa Mungu, hivyo kila lilipopanuka ilikuwa baraka. Yule anasema dini ilikuwa pazia tu la wanyang'anyi wa ardhi. Nimefundisha historia mpaka nikastaafu, nami nawasihi: msipande mimbarini na hoja yoyote kati ya hizo kabla hamjasoma yaliyowapata Wacherokee, taifa mojawapo la wenyeji wa asili wa Marekani, katika jimbo la Georgia.

Mwaka 1819 Bunge la Marekani lilitenga dola 10,000 kwa mwaka za kuwastaarabisha wenyeji wa asili, na wamisionari wakawa miongoni mwa waliozipokea. Hilo msilifiche. Serikali ilitaka wenyeji wawe wakulima wa mashamba madogo ili nchi iliyobaki ipate kuchukuliwa. Lakini Wacherokee nao walikuwa na mipango yao. Kufikia 1821 Sequoyah, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alikuwa amekwisha kubuni maandishi ya lugha yao. Mwaka 1827 waliandika katiba, na 1828 wakaanza kuchapa gazeti la lugha mbili pale New Echota, mji wao mkuu, mhariri wake akiwa Elias Boudinot, Mcherokee Mkristo, akisaidiwa na mmisionari Samuel Worcester. Wala si kwamba walikuwa malaika: matajiri wao walimiliki watumwa weusi, na baadaye watumwa hao walikokotwa pamoja nao katika safari ya mauti nitakayoisimulia.

Georgia iliitaka ardhi hiyo, na dhahabu ilipoonekana huko uchu ukazidi. Andrew Jackson alishinda urais mwaka 1828, na 1830 ukaja Bungeni muswada wa kuwahamishia wenyeji magharibi, ng'ambo ya mto Mississippi. Jeremiah Evarts, katibu wa halmashauri ya misheni kule Boston iliyomtuma Worcester, aliandika makala kwa mfululizo kuupinga. Wanawake, ambao hata kura hawakuwa nayo, walikusanya sahihi. Seneta Theodore Frelinghuysen wa New Jersey alizungumza kwa saa sita zilizogawanywa katika siku tatu. Muswada ukapita Baraza la Wawakilishi kwa kura 102 dhidi ya 97. Na Isaac McCoy, mmisionari wa Kibaptisti, aliunga mkono kuhama, akiamini kwa dhati kwamba wenyeji wangepona wakikaa mbali na wauza pombe na walaghai wa kizungu. Wote hao walisoma Biblia moja.

Hapo ndipo Georgia ilipowageukia wamisionari. Ilitunga sheria kwamba mzungu yeyote anayeishi nchi ya Wacherokee apate kibali na kula kiapo cha utii kwa jimbo. Worcester alikataa. Mwanzoni mahakama ilimwachia kwa sababu alikuwa msimamizi wa posta ya New Echota, yaani mtumishi wa serikali kuu. Basi akavuliwa kazi hiyo, akakamatwa tena. Mwaka 1831 watu 11 walihukumiwa miaka minne ya kazi ngumu. Tisa walikubali msamaha wa gavana. Worcester na mmisionari mwenzake, Daktari Elizur Butler, walikwenda jela Milledgeville. Machi 1832 Mahakama Kuu ya Marekani chini ya Jaji Mkuu John Marshall iliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee. Georgia haikuwafungua.

Wanangu, sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niandike. Mwishoni mwa 1832 South Carolina ilitangaza kwamba haitatii sheria za ushuru za serikali kuu, na wakubwa wakaogopa Georgia isije ikajiunga nayo. Marafiki walewale waliokuwa wamepaza sauti wakaanza kunong'ona kwamba amani ya taifa ni muhimu zaidi. Halmashauri ya Boston, ambayo Evarts alikuwa ameiacha kwa kifo mwaka 1831, iliwashauri wafungwa waache kesi. Januari 1833 wakatoka. Siwahukumu wale wawili, maana walilala jela zaidi ya mwaka mmoja. Nawaonyesha jinsi kanisa linavyochoka: imani yake iko palepale, ila chama na taifa vimeanza kuonekana kuwa vinahitaji kuokolewa kwanza.

Wacherokee waliachwa peke yao. Mwaka 1835 kikundi kidogo, Boudinot akiwemo, kilitia sahihi mkataba wa kuiachia nchi. Chifu John Ross alipeleka malalamiko yenye sahihi zaidi ya 15,000. Hata hivyo Seneti iliupitisha mkataba huo kwa kura moja tu zaidi ya theluthi mbili zilizohitajika. Mwaka 1838 askari waliwatoa watu majumbani na kuwatia kambini, kisha wakasafirishwa magharibi hadi nchi ambayo leo ni Oklahoma, na kwa makadirio yanayotajwa sana, karibu 4,000 walikufa. Boudinot mwenyewe aliuawa mwaka 1839 na Wacherokee wenzake, karibu na nyumba ya Worcester aliyekuwa amewatangulia magharibi.

Lakini kambini alikuwemo Evan Jones, mmisionari wa Kibaptisti, pamoja na mchungaji Mcherokee Jesse Bushyhead. Walihubiri na kubatiza mle ndani, kisha kila mmoja akashika uongozi kwenye msafara, wakatembea na watu wao katika baridi ya njiani. Butler naye alifuatana nao akiuguza.

Basi wagombea watakapokuja kuomba madhabahu zenu, na watakuja, waulizeni ni nani atakayehamishwa au kufukuzwa kwa mpango wao, na mkamtafute mtu huyo mumsikilize kabla ya kusema "amina". Wenye magari, nendeni New Echota, karibu na Calhoun, Georgia. Nyumba ya Worcester ingali imesimama. Na mlio karibu na Oklahoma, fikeni Tahlequah, makao makuu ya Wacherokee hadi leo. Yako makanisa yanayoimba kwa lugha yao. Ombeni ruhusa ya kuketi nao ibadani, na siku hiyo msihubiri.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa historia