Risala ya Klabu ya Anga kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Sayansi

Mgeni wetu wa heshima Bi. Mhandisi, Mwalimu Mkuu, mwenyekiti wa halmashauri ya shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Bi. Mhandisi, karibu sana. Tunajua barabara ya kuingia huku haina huruma na gari, hasa baada ya mvua za juzi. Pole kwa safari na ahsante kwa kuja.

Klabu yetu ilizaliwa Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 2023. Asubuhi hiyo wanafunzi tisa walikuwa wamebanana nyuma ya mwalimu wa fizikia, wote wakikodolea macho simu yake moja. Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kuangalia mashamba na mazingira, ilikuwa inarushwa kwa roketi ya Falcon 9. Safari ilikuwa imeahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa, na waliokuwa wakijifanya wajuzi walishaanza kusema haitaruka kamwe. Ikaruka, saa nne kasorobo na ushei. Mtandao ukakatika roketi ikiwa ndiyo kwanza inaacha ardhi. Waliporudi hewani, kilichobaki kwenye kioo kilikuwa moto mdogo kama ncha ya udi.

Ndipo mmoja wao akauliza swali ambalo klabu hii inalitafuna hadi leo: mbona setilaiti yetu imekwenda kurushwa California, Marekani, na San Marco, mitambo ya kurushia roketi iliyo baharini hapa Ngomeni, iko pale?

Mgeni wetu, ukisimama ufuoni Ngomeni siku ambayo anga haina utusitusi, utaiona mitambo hiyo baharini, imesimama juu ya miguu yake ya chuma. Iliwekwa na Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio, na hawakuja kwa sababu ya samaki. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta uso wake unakwenda takribani kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoelekezwa mashariki hupewa mwendo huo bure kabla haijachoma hata tone la mafuta. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na upande wa mashariki hakuna nyumba ya mtu, ni Bahari ya Hindi tupu. Kikidondoka kipande, kinadondoka majini. Babu wa mmoja wetu, ambaye alikuwa mvuvi, anakumbuka siku walizokatazwa kutoka na mashua. Anasema hasara yake ya siku zile hakuna aliyemlipa, na kila tukimtembelea hutukumbusha.

Kati ya 1967 na 1988, setilaiti tisa zilifika angani kutoka pale. Mashuhuri kuliko zote ni ile ya tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na Wamarekani wenye setilaiti wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Hewa yetu huzizuia zisifike chini, kwa hiyo asiyepanda juu hazioni. Uhuru ilipima mbingu yote na kuacha orodha ya vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa kinapepesa haraka mno kuliko nyota ya kawaida, na vipimo hivyo vikawa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba mashimo meusi, yenye mvutano mkali ambao hata mwanga hauponyoki, yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Tumeeleza haya kwa urefu kwa sababu safari tunayoingoja kwa hamu kuliko zote inatoka katika mkono uleule. NASA, shirika la anga la Marekani, imepanga kurusha darubini iitwayo Nancy Grace Roman kwa roketi ya Falcon Heavy kutoka Florida, na muda iliojiwekea hauvuki Mei 2027. Kioo chake kina upana wa mita 2.4, sawasawa na cha Hubble, darubini yao iliyoko angani tayari, lakini kwa picha moja itaona eneo la anga kubwa mara 100 au zaidi. Itakaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, itafute sayari za nyota nyingine, na ichunguze ni nini kinachousukuma ulimwengu utanuke kwa kasi inayozidi kuongezeka. Jambo hilo la mwisho wataalamu wameliita nishati ya giza, na sisi tunaona jina hilo ni njia ya heshima ya kukiri kwamba bado hawajui ni kitu gani.

Na Nancy Roman mwenyewe ni nani? Ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa astronomia, yaani elimu ya nyota, wa NASA. Uhuru ilikuwa chini ya mpango wake, na vilevile setilaiti za SAS-2 ya 1972 na SAS-3 ya 1975, zote tatu zilizorushwa kutoka hapa kwetu Ngomeni. Alipokuwa shule ya upili aliomba kuongezewa somo la aljebra badala ya Kilatini, na mshauri wa wanafunzi akamuuliza ni bibi gani anayechagua hesabu akaacha Kilatini. Wasichana wa kidato cha pili waliposikia habari hii walicheka sana, kisha wakanyamaza. Mwaka huo wanne kati yao walichagua fizikia.

Safari ya pili tunayoifuatilia ni ya Dragonfly, yaani kereng'ende, iliyopangwa kuondoka Julai 2028 na kufika 2034 kwenye Titan, mwezi wa sayari ya Zohali. Ni helikopta yenye ukubwa wa gari dogo na mapangaboi manane. Mtu atauliza dude zito namna hiyo litarukaje. Titan hewa ni nzito mara nne kuliko yetu na mvutano ni kama sehemu moja ya saba, kwa hiyo kuruka huko ni rahisi kuliko hapa. Shida ni baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri, na jua hafifu lisiloweza kuendesha paneli, ndiyo maana itatumia joto la plutoniamu, metali yenye mionzi. Itakuwa ikiruka kutoka mahali hadi mahali, ichunguze kemia inayotangulia uhai.

Kuna pia gari la Ulaya la Rosalind Franklin, litakalochimba mita mbili ndani ya ardhi ya Mirihi kutafuta dalili za uhai wa kale. Lilikuwa liondoke 2020, likaahirishwa hadi 2022, vita vya Ukraine vikavunja ushirikiano na Urusi, na sasa linangoja 2028. Sisi tunaosubiri darubini ya shule tangu klabu ianze tunawaelewa.

Tunaulizwa mara nyingi, hata na wazazi wetu, haya yote yanaleta maji? Taifa-1 ilikwenda kwa ajili ya mashamba, na utabiri wa hali ya hewa anaousikiliza mvuvi redioni unategemea setilaiti. Ila darubini ya Roman haitaleta ugali mezani, na hatutamdanganya mtu. Tunaipenda hivyo hivyo.

Bi. Mhandisi, maombi yetu ni mawili. La kwanza ni darubini, hata ndogo, ya kuonea miezi ya Mshtarii. La pili ni utusaidie tupate kibali na basi la kutembelea kituo cha nchi kavu cha Ngomeni. Roketi ya mwisho ilitoka San Marco Machi 1988, lakini kituo kile bado kinafuatilia vyombo vya angani. Darubini ya angani ya James Webb iliporushwa kutoka Kourou, Amerika Kusini, siku ya Krismasi 2021, kituo hicho, ambacho wageni hukiita Malindi, kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyopokea ishara za roketi yake. Tunaishi jirani na hatujawahi kuvuka lango.

Sasa tunakuomba utoke nasi uwanjani uzindue roketi yetu. Ni chupa ya soda ya lita mbili, maji theluthi moja, kizibo cha mpira na pampu ya baiskeli. Maji yakisukumwa chini, chupa inakwenda juu. Tumeielekeza mashariki, kwenye mikorosho, ingawa kwa umbali huu haisaidii kitu. Tafadhali usimame nyuma ya kamba: jana kizibo kilifyatuka kabla ya wakati, na Naibu Mwalimu Mkuu ilibidi aende nyumbani kubadilisha shati.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Anga