Bunduki tupu nayo ina masharti yake

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua nizungumze na polisi wa akiba wa Kaunti ya Lamu, na wale raia wachache wenye leseni za bastola, kuhusu zoezi ambalo wengi wao hulifanya kimyakimya nyumbani bila mtu wa kuwaelekeza. Nalo ni kuvuta triga ya bunduki isiyo na risasi.

Nilikuwa polisi hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia ghala la silaha, nikipokea, nikitoa, nikisafisha na kuhesabu. Mwanamke wa Kiamu kushika funguo za ghala la bunduki liliwachekesha watu mwanzoni, kisha wakazoea. Sasa nakaa Langoni, na vijana wa Hindi na Mokowe wakivuka kuja Amu kwa shughuli zao hupita dakani kwangu kunijulia hali. Ni "Shikamoo Bi," kisha kabla kahawa haijamiminwa maswali yameanza. Eti kuifyatua tupu kunaiharibu bunduki? Eti sheria inakataza? Mwenzake naye anadakia kwamba huo ni mchezo wa watoto, askari wa kweli hujifunza kwa risasi za kweli.

Huyu wa mwisho ndiye ninayetaka kumjibu kwanza. Wapiga shabaha wanaokwenda Olimpiki hutumia saa nyingi za mazoezi yao bila risasi hata moja, na sababu haina siri. Bunduki ikilia mwili hushtuka. Ukishapiga mara kadhaa, mwili unajifunza kushtuka mapema, kabla ya mlio. Jicho linafumba, mkono unausukuma mtutu chini, na risasi inaingia mchangani mbele ya shabaha. Mpigaji mwenyewe hajijui, kwa sababu mlio na teke la kitako vinalificha kosa lake. Tulipokuwa uwanja wa shabaha na tukitaka kumwonyesha askari ugonjwa wake, tulikuwa tukichanganya risasi bandia moja mbili ndani ya magazini, kile kisanduku kinachobeba risasi, bila yeye kujua zimekaa wapi. Akifika kwenye ya bandia, bunduki inasema "ka!" basi, na uwanja mzima unaona mtutu ulivyoinama. Mabishano yote huishia hapo. Dawa ya ugonjwa huo ni kuvuta triga tupu mara nyingi, polepole, mpaka kidole kizoee kufanya kazi peke yake bila bega wala mkono kukiingilia.

Kwa polisi wa akiba zoezi hili lina uzito zaidi kuliko kwa askari wa kambini. Yeye ni mtu wa kujitolea. Risasi alizopewa zimehesabiwa na kila inayotoka ina maelezo yake, na uwanja wa shabaha haufiki kila anapotaka. Tangu mashambulio ya Mpeketoni mwaka 2014, na operesheni ya usalama ya Linda Boni iliyofuata mwaka 2015, bunduki imekuwa kitu cha kawaida katika vijiji vya bara, kuanzia Hindi hadi Witu na Pandanguo. Mtu aliyepewa bunduki ya G3 yenye uzito wa zaidi ya kilo 4 ailinde nayo njia, halafu asiwe na pa kujifunzia, afanye nini? Atajifunzia chumbani. Na chumbani ndiko kwenye hatari.

Si muda mrefu nilialikwa harusi bara, nyumba sitaitaja. Kijana wa nyumba hiyo, mwenye adabu zake na anayeipenda kazi, akataka kunionyesha anavyojizoeza. Akasimama katikati ya sebule akailenga kalenda iliyotundikwa ukutani. Nikamzuia, nikamuuliza nyuma ya kalenda kuna nini. "Ukuta, Bi." Na nyuma ya ukuta? Akanyamaza. Nyumba ni ya fito na udongo, na upande wa pili wanawake walikuwa wakimenya viazi vya pilau, tunawasikia wanavyocheka. "Lakini haina risasi, Bi," akaniambia. Maneno hayo nimeyasikia kwa watu wenye vyeo kuliko yeye. Kule Marekani, Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani aliyekuja kuwa mwalimu wa silaha, alizifupisha kanuni za usalama zikawa nne, na ya kwanza inataka kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi, siku zote. Ya pili inakataza kuelekeza mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Zoezi la bunduki tupu haliziondoi kanuni hizo. Hapa ndipo zinapohitajika kuliko popote, maana unavuta triga kwa makusudi.

Sasa niseme inavyofanywa, na nitakaa zaidi kwenye kuitoa bunduki risasi, kwa sababu naona wengi wanakwenda kinyumenyume. Magazini hutoka kwanza. Kwanza kabisa! Ukikoki, yaani ukiuvuta mkono wa koki nyuma na kuuachia, kabla ya kuitoa magazini, ile risasi iliyokuwa chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa ikingoja kufyatuliwa, inaruka nje, unaiona ikianguka, moyo unatulia, na papo hapo nyingine inapanda juu kutoka magazini kuchukua nafasi yake. Unadhani umeitoa, kumbe umeibadilisha. Magazini ikishatoka, ndipo unakoki mara mbili tatu, kisha unaishika wazi na kutazama chemba kwenye mwanga. Ukishatazama, tia kidole uguse, kwa sababu jicho lililochoka huona linachotarajia kuona. G3 inakusaidia kidogo, ule mkono wa koki ulioko kushoto mbele ukiuvuta nyuma na kuunyanyua unashika kwenye pengo lake na bunduki inabaki wazi. AK-47 haina huruma hiyo. Swichi ya usalama ikiwa juu, mkono wa koki haurudi mpaka mwisho, kwa hiyo lazima uishushe ndipo uweze kukagua, na ukiachia tu imejifunga. Ndiyo maana mwenye AK huwa mvivu wa kutazama. Ishike wazi kwa mkono mmoja, tazama, gusa, ndipo uachie.

Risasi zote, za kwenye magazini, za mfukoni na hiyo uliyoitoa chemba, zipelekwe chumba kingine na mlango ufungwe kwa ufunguo. Kuziweka mezani mbali kidogo hakutoshi. Vilevile chumba cha mazoezi kisiwe na mtu mwingine, hasa watoto. Watoto wetu kila Idd hununuliwa bastola za plastiki na kutwa nzima wanalengana nazo vichochoroni (mimi ningezipiga marufuku, lakini wajukuu zangu hawanisikilizi). Mtoto huyo akimwona baba yake anavuta triga ikasema "ka!" na hakuna lililotokea, amekwisha kujifunza somo ambalo hukukusudia kumfundisha.

Halafu lengo. Usilenge ukuta kwa kuuamini, hata uwe wa mawe. Lenga kitu ambacho risasi ikitoka kitaikamata, na hakuna rahisi kuliko pipa la lita 200 lililojazwa mchanga hadi juu. Bandika karatasi yenye doa dogo jeusi ubavuni mwake. Simama au lala vile utakavyokaa kazini. Weka ncha ya kidole kwenye triga, uiminye moja kwa moja kuja nyuma kama unavyokamua ndimu bila kutaka mbegu idondoke. Kilengeo cha mbele kisitikisike triga inapoachia. Ukitaka mwalimu asiyekupendelea, mwambie mwenzako akuwekee sarafu ya shilingi juu ya mtutu akiwa amesimama ubavuni, kamwe asiwe mbele, na ahakikishe naye kwa macho yake kwamba chemba ni tupu kabla hajasogea. Sarafu ikianguka, umetikisa. Robo saa inatosha. Ukizidisha, kidole kinachoka na akili inatangatanga.

Simu ikilia, mgeni akibisha hodi, adhana ikiita, zoezi limekatika. Ukirudi usianzie ulipoachia. Anza upya na magazini, chemba, macho na kidole.

Na sasa mwisho wake, ambapo walio makini huteleza kuliko wazembe. Mtu amefanya kila kitu sawasawa. Amemaliza, amezirudisha risasi, magazini imeingia, amekoki ili bunduki iwe tayari kwa doria. Ametulia, na lile doa jeusi bado liko mbele yake. Mkono unakumbuka ile mara ya mwisho haikutoka vizuri. Anasema moyoni, ngoja moja tu. Hiyo "moja tu" ndiyo inayotoboa mabati na miguu. Kichwa chake bado kimo kwenye zoezi na bunduki imekwisha kutoka zamani. Kwa hiyo ukimaliza, sema kwa sauti "Zoezi limekwisha," useme hata ukiwa peke yako na majirani wakucheke. Bandua karatasi kwenye pipa. Iweke bunduki mahali pake ikiwa tupu, utoke chumbani, ukaoge au ukale. Kuijaza risasi ni kazi nyingine ya wakati mwingine, na ifanyike mbali na pale ulipokuwa unalenga.

Kuhusu kuharibika, G3 na AK haziharibiki kwa kuvutwa triga tupu kwa kiasi. Bunduki ndogo za .22 ni habari nyingine, kwa kuwa pini yake ya kufyatulia hugonga ukingo wa risasi, na risasi isipokuwepo inaweza kugonga chuma cha chemba. Hizo, na zile bunduki kuukuu za marisau zenye mitutu miwili, zitiwe risasi bandia, na bandia ziwe na rangi isiyoweza kufananishwa na ya kweli hata usiku.

Na sheria? Mwenye leseni anabanwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, aitunze silaha yake salama. Polisi wa akiba hana bunduki yake, ana bunduki ya serikali, basi amwombe ruhusa OCS wake, yaani mkuu wa kituo cha polisi, kabla ya kuanza. Lakini na ma-OCS nao wasiishie kukataa. Nawaomba kila kituo kiwe na pipa moja la mchanga nyuma ya ofisi na saa moja kwa wiki, chini ya macho ya koplo anayejua kazi, ili vijana hawa waache kuzilenga kalenda za mama zao. Hilo halingoji bajeti ya Nairobi. Mapipa matupu yamejaa Mokowe. Ila mchanga usije ukachimbwa kwenye vilima vya Shela, ndiko maji yetu ya kunywa yanakotoka.

Askari mstaafu,
Langoni, Lamu