Barua ya Wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Iringa: Nakala Moja Ibaki Hapa

Ndugu Katibu Tawala,

Kamwene.

Yah: Rekodi na vitabu vya wahadhiri wa muziki wanaofanya utafiti mkoani kwetu

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza kiofisi makusudi, maana ninachoomba ni jambo la kiofisi kabisa: sentensi moja iongezwe kwenye barua ambayo ofisi yako imezoea kuiandika.

Mhadhiri wa muziki anayetaka kurekodi wazee wetu, awe ametoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), Chuo Kikuu cha Makumira au ng'ambo, hupita njia ileile. Akishapata kibali cha utafiti, ambacho kwa mgeni wa nje ya nchi hutoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, anakuja mkoani kuomba barua ya utambulisho. Barua inashuka wilayani, inafika kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye anayemfikisha kwenye nyumba ya mzee mwenyewe. Pasipo barua hiyo hakuna anayefungua mdomo, na ni haki. Sasa, barua za namna hiyo nilizowahi kuonyeshwa zinamwomba mwenyeji atoe ushirikiano. Sijaona hata moja inayomtaka mgeni aache chochote.

Simlaumu mtafiti kwa kufanya kazi yake. Mwalimu wa chuo kikuu hupanda cheo kwa anachochapisha. Anakaa na wazee, anarekodi, anarudi chuoni kuandika nota na kufasiri maneno, na baada ya miaka kadhaa kinatoka kitabu, pengine na santuri yake. Baadhi ya vitabu hivyo ni vizuri mno. Nyimbo za kazi za Wasukuma zimekusanywa na Frank Gunderson, profesa wa muziki katika Chuo Kikuu cha Florida State, na kitabu kikatolewa na Brill wa Leiden mwaka 2010. Gregory Barz, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alitoa kitabu kizima kuhusu kwaya za Tanzania mwaka 2003. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Habari za kwaya zetu nimezisoma kwenye skrini ya simu, kurasa chache za kuonjeshwa, zilizobaki mpaka ununue kwa dola.

Hapa kwetu habari inaanza mapema zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alizunguka Tanganyika na mashine yake ya kurekodia, na miongoni mwa alivyorekodi ni ligombo la Wahehe. Kwa vijana wasiolijua: ni ubao uliochimbwa katikati, uzi ukapitishwa juu yake kwenda na kurudi, na mpigaji huimba huku akiucharaza. Mwaka 1954 Tracey akaanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Mwanafunzi wa muziki kule anaweza kuomba kusikia ligombo na akasikilizishwa. Mwanafunzi wa Kalenga aende wapi? Mtaala mpya ulioanza 2024 umefungua mkondo wa amali wenye fani za sanaa, na walimu tunaambiwa tutumie mazingira yanayotuzunguka. Wapigaji wa ligombo ninaowajua ni wazee sana, na kaseti za vijijini zimeshaliwa na ukungu.

Mwaka huohuo wa 1954 ndio fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililochukuliwa na Wajerumani, liliporudi Kalenga. Sitaki kulinganisha fuvu na kanda, ila kuna jambo la kiutawala pale ambalo wewe utalielewa kuliko mimi. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lile katika miezi sita. Ilichukua miaka 35. Hata hivyo, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokwenda kulitafuta alikuwa na kifungu cha kushika mkononi. Sisi kwenye rekodi zetu hatuna hata hicho. Tunabaki kuomba kwa hisani, na hisani ya mtu huisha anapostaafu.

Isidhaniwe kwamba jambo hili haliwezekani. Klaus Wachsmann alirekodi muziki wa Uganda kuanzia 1949 akiwa msimamizi wa makumbusho ya Kampala, baadaye akawa profesa Marekani, na rekodi zake zikaishia London. Mwaka 2009 nakala za kidijitali zilirejeshwa Makerere, na leo hifadhi ya muziki ya pale imepewa jina lake. Chuo Kikuu cha Ghana, kule Legon, hawakuhitaji hata kurudishiwa: Kwabena Nketia alianza kurekodi nyumbani miaka ya 1950 akiwa mtafiti wa chuo, na kanda zake zikabaki palepale chuoni. Jirani zetu wa Dodoma nao wana Kedmon Mapana, aliyefundisha muziki Mlimani kabla ya kwenda BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Utafiti wake juu ya muziki wa Wagogo umekwenda sambamba na tamasha la Chamwino, ambako wenye nyimbo wanaziimba wenyewe.

Ninapendekeza maneno haya, na mwanasheria wa mkoa ayanyooshe:

"Mtafiti atakabidhi kwa Maktaba ya Mkoa nakala ya rekodi zote za sauti na picha ndani ya miezi sita baada ya kumaliza kazi, na nakala ya kila kitabu, santuri au makala itakayotokana nazo, pamoja na muhtasari kwa Kiswahili."

Gharama si hoja. Saa moja ya sauti kwa kiwango cha CD ni takriban megabaiti 600, hivyo saa mia moja zinaenea kwenye flashi ya gigabaiti 128 na nafasi inabaki. Nakala ya pili ikae Makumbusho ya Boma, ambayo tangu 2016 ndiyo nyumba ya utamaduni wa mkoa huu. Flashi moja droo moja ni kujitakia msiba.

Muhtasari wa Kiswahili nimeuweka kwa sababu kitabu kinaweza kurudi na kisisomeke. Vingi vimeandikwa kwa Kiingereza kizito, na nyimbo zimewekwa kwenye nota za mistari mitano, wakati kwaya zetu nyingi zinasoma solfa, yaani do, re, mi. Mtafiti akiweza kuongeza ukurasa wa solfa na maneno ya Kihehe yaliyohakikiwa na mwimbaji mwenyewe, nitamshukuru hadharani. Maneno hasa. Nimeona wimbo wa mavuno umefasiriwa ukawa wimbo wa mapenzi, na mzee aliyeuimba yupo hai, hakuna aliyemuuliza.

Liko pingamizi moja ambalo ni la haki. Si kila wimbo ni wa kila sikio. Kuna nyimbo za unyago na za msiba ambazo wazee huimba mbele ya mtafiti kwa masharti, na kuziweka maktabani ovyo ni kuwavunjia heshima. Kwa hiyo kila rekodi ije na karatasi: nani ameimba, wapi, lini, na ameruhusu nani asikilize. Zipo zitakazofungwa, na mkutubi azifunge kweli. Pia mtu asichukue rekodi maktabani akaenda kuichanganyia mdundo wa studio na kuiuza. Sheria Na. 7 ya 1999 ya Hakimiliki inagusa hata kazi za jadi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, wanaweza kumwelekeza mkutubi fomu ya kusainisha.

Waliokwisha pita bila sharti hili hatuwezi kuwalazimisha. Lakini majina yao na ya vyuo vyao bila shaka yamo kwenye majalada ya vibali ofisini kwako. Ikitumwa barua pepe moja kwa kila chuo, wapo watakaojibu. Wahadhiri wengi niliokutana nao ni watu waungwana ambao hawakuwahi kuombwa.

Nipo tayari kuja na walimu wenzangu wa kwaya kumsaidia mkutubi kusikiliza, kuandika majina na kuziweka rekodi kwa mpangilio, jioni baada ya mazoezi, bila posho.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa kwaya, Manispaa ya Iringa

Nakala: Mkutubi wa Mkoa, Ofisa Utamaduni wa Mkoa