Kabla hujalipia mashine ya kupasulia kuni

Kiboriloni, Moshi
8 Juni

Baba Glory,

Shikamoo za watoto zikufikie huko Machame, na Mama Glory msalimie sana. Barua na picha za mashine zote mbili za kupasulia kuni, ya petroli na ya umeme, nimezipata. Umeniuliza uchukue ya tani ngapi, yaani yenye msukumo gani. Tuanze na magogo yenyewe.

Mgrevilea ulionyooka, wenye unene usiozidi sentimita 25, haukusumbui: tani 4 zinautosha, na hata shoka zito la kilo tatu linaumaliza. Mibuni uliyong'oa ni ya msumeno tu. Kazi iko kwenye mkaratusi. Nyuzi zake zimejisokota, na ukikauka unakuwa chuma. Uupasue ukiwa mbichi, wiki ileile ulioangushwa. Ukiuacha ukauke kwanza, hata tani 7 zitagoma kabari ikiwa imezama nusu, hasa penye fundo.

Tani za kwenye kibandiko usizimeze nzima. Uliza kipenyo cha ndani cha silinda, lile bomba lenye pistoni inayosukuma, na presha ya pampu ya oili. Kipenyo kwa sentimita kizidishe kwa chenyewe, kisha mara 0.785, kisha mara presha kwa baa (kipimo cha presha), halafu gawanya kwa 1,000. Silinda ya sentimita 10 yenye baa 200 inakupa 15.7, yaani kama tani 16. Ile ya petroli imeandikwa 25. Kama silinda yake ni hiyo, tani tisa ni za rangi ya kibandiko tu. Tena kwa mwinuko wa kwenu, kama mita 1,500, injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu. Msukumo wa silinda haupungui kwa hilo, ila injini inaweza kuzimika kabari inapokaza.

Kwa kuni za nyumbani ningechukua ya umeme, tani 6 au 7, mota ya wati 2,200, fezi moja. Inakula kama ampea 10, na wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya hizo. Kwa hiyo ile ekstensheni nyembamba ya redio isahau. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, usiozidi mita 25, na uukunjue wote, maana ukiwa umeviringwa unapata moto. Fanya kazi asubuhi. Jioni volti zikishuka mota huvuma bila kuzunguka. Ukisikia hivyo zima papo hapo, la sivyo unaunguza kapasita inayosaidia mota kuwaka, na ukichelewa zaidi, koili, yaani nyaya za ndani ya mota.

Sasa kitu ambacho wauzaji wengi hawakisemi. Karibu na mfuniko wa oili kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Kabla ya kuwasha ilegeze mizunguko miwili mitatu, mpaka usikie hewa ikiingia na kutoka pistoni inapotembea. Ukiisahau, hewa inabanwa ndani, sili, zile raba za kuzuia oili, zinapasuka, oili inamwagika chini. Ukimaliza kazi ikaze, hasa kama mashine itabebwa kwenye pikapu. Oili iwe ya haidroliki namba 46. Ya injini usiweke.

Gogo likigoma, usishikilie mkono wa mashine, ule wa kuisukumizia pistoni, zaidi ya sekunde tano. Oili inachemka bure na pampu inaumia. Rudisha pistoni, geuza gogo upande wa pili, na fundo ulielekeze mbali na kabari. Mashine nyingi zinataka mikono yote miwili ndiyo zisukume. Usikubali fundi akufungie kamba upande mmoja ili ufanye kwa mkono mmoja. Hapo ndipo vidole vinapopotelea. Mtu mmoja aweke gogo na huyohuyo abonyeze. Na ile ya koni inayozunguka kama parafujo, ya kuchomelewa mtaani, ikatae hata ukipewa bure: ikinasa pindo la kanga au glovu, hakuna wa kuiwahi.

Magogo yakate sentimita 35. Kwa jiko banifu pasua mpaka unene wa kifundo cha mkono. Za kuchemshia ndizi za mbege ziache nene, kuzichanja vipande vidogo ni kupoteza umeme. Zipange juu ya mbao mbili zisiguse ardhi, upepo upite, juu funika bati, pembeni acha wazi. Ukipasua mwezi huu, kiangazi chote kitakukaushia kabla ya mvua za vuli. Kuni mbili kavu ukizigonganisha zinalia ko. Mbichi zinatoa sauti ya kuziba.

Siku ya kwenda dukani beba gogo lako la mkaratusi lenye fundo, lipasuliwe mbele yako. Kisha pitisha kitambaa cheupe kwenye fimbo ya pistoni. Kikitoka kimelowa oili, rudi na hela yako.

Rafiki yako,
Baba Ivon