Barua ya Malalamiko: Mshipi Uliokatika na Maneno Niliyoambiwa Kaunta

Kwa Meneja,
Duka la Vifaa vya Uvuvi,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: MSHIPI WA PAUNI 30 USIOFIKA HATA NUSU YAKE, NA MATUSI YA KAUNTA

Salamu. Nimepata ujumbe wenu wa simu wa jana jioni: "Mpendwa mteja, suala lako limefungwa." Naomba kuuliza kwa heshima, limefungwa na nani? Mwenye suala ni mimi, na mimi sijafunga chochote.

Sera yenu ya kurudisha bidhaa mnaijua. Mmeibandika ukutani nyuma ya mashine ya kulipia kwa herufi kubwa, kwa hiyo sitawasomea. Risiti ninayo, na nakala yake nimeiambatisha hapa: roli mbili za mshipi wa nailoni, yaani uzi wa kuvulia, kwa shilingi 2,800, rili (gurudumu la kukunjia mshipi) 5,900, fimbo 4,500, pakiti mbili za ndoano 1,150. Jumla 14,350. Nililipa zote papo hapo, sikuomba kupunguziwa hata shilingi.

Ninachodai ni kidogo. Nibadilishieni mshipi na ndoano ndani ya siku 14, tumalizane.

Sasa niwaeleze kilichotokea majini, kwa sababu msimamizi wenu wa zamu hakutaka kusikia. Mgeni wangu alitoka Eldoret, amelipia mashua, anataka kambare. Nikampeleka mdomoni mwa mto Malewa, unapoingia Ziwa Naivasha. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji ya namna hiyo ndiyo ya kambare. Macho hayamsaidii sana. Ana sharubu nane za kupapasia, na harufu ya maini ya kuku inamfikia kabla hajaijua ndoano. Nilifunga kama ninavyofunga siku zote: chubwi ya kuteleza juu ya sviveli (kiungo kinachozunguka ili mshipi usijisokote), chini yake futi moja na nusu ya mshipi, ndoano nambari 5/0, maini yamezungushiwa uzi yasitawanyike. Breki ya rili, ile inayouachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu, niliipima kwa mizani ya kuning'iniza, nikaiweka pauni 10. Yaani theluthi ya pauni 30, uzito ambao karatasi yenu inasema mshipi unaubeba. Kila anayevua kwa rili anajua hesabu hiyo, na nyinyi mnaouza rili mnapaswa kuijua kuliko mimi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi samaki akala. Hatukumshtua. Tulimwacha aondoke na chambo, mshipi ukakaza, mgeni akainua fimbo. Akamvuta dakika kama nne hivi. Samaki akabingirika juu mara moja, tukaona tumbo jeupe, kichwa kipana kama sinia. Kisha akapiga mbio moja kuelekea chini na mshipi ukalia "ta!" kama uzi wa fundi cherehani. Rili haikutoa hata futi moja.

Msimamizi wenu alisema kambare ana meno, ndiye aliyekata. Bwana Meneja, kambare wa kwetu ana meno ya kukwaruza, kama tupa. Hana meno ya kukata. Na mshipi ulikatikia karibu na ncha ya fimbo, zaidi ya futi sita kutoka mdomoni mwake. Labda mniambie kambare wa siku hizi wanapanda fimbo.

Akasema tena ni fundo. Fundo likiteleza, ncha ya mshipi hujikunja kama mkia wa nguruwe. Ncha niliyomletea ilikuwa imenyooka, imevutika, imekonda. Nilimwonyesha. Alichofanya ni kuushika ule mshipi juu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya, akawauliza waliokuwa kwenye foleni: "Nani hapa amewahi kumwona mvuvi wa Naivasha akileta samaki badala ya hadithi?" Watu wakacheka. Kisha akamwita askari wa mlangoni: "Mtoe huyu mzee, ananuka samaki."

Nitarudi hapo. Kwanza kipimo, msije mkasema nina hasira tu.

Niliporudi nyumbani nilichukua mtungi wa lita 10. Sikufunga fundo lolote, kwa sababu nilijua mtasema fundo. Mshipi niliuzungusha mara kumi kwenye chupa juu na mara kumi kwenye mpini wa mtungi chini, halafu nikamimina maji kwa kikombe cha kupimia. Ulikatika maji yalipofika lita 5. Nikarudia: lita 5. Mara ya tatu hata lita 5 hazikufika. Ongezeni nusu kilo ya mtungi wenyewe, mnapata kilo tano na nusu, yaani kama pauni 12. Karatasi yenu inasema pauni 30, ambazo ni kilo 13 na zaidi. Nikatoa mshipi wa zamani, nilioununua kwenu humo humo miaka mitatu iliyopita, karatasi yake pauni 30, umepigwa na jua hadi ukafifia. Uliubeba mtungi umejaa hadi shingoni, ukaning'inia mpaka jioni. Fundi wa gereji jirani akatupimia unene kwa vernia: wa zamani milimita 0.50, mpya milimita 0.32. Karatasi zote mbili zimeandikwa 0.50.

Mnaona mlichonifanyia? Breki niliiweka pauni 10 nikiamini karatasi. Mshipi wa pauni 12, ukishalowa, nguvu yake inashuka hadi hapo hapo kwenye 10 au chini yake. Rili isingeweza kutoa mshipi kabla haujakatika. Laiti mngeandika ukweli, ningeweka breki pauni 4, kambare angekimbia atakavyo, angechoka, tungempandisha. Mshipi mwembamba si kosa. Kosa ni kuuvalisha karatasi ya mwingine.

Nilimrudishia mgeni shilingi 6,000 zake za mashua. Hizo nazo ziongezwe kwenye dai. Mwanzoni sikuziandika kwa sababu nilidhani nitazisamehe.

Na ndoano pia, ambazo nilitaka kuzipita kimya. Wiki ya kabla ya hapo (naam, tatizo lilianza kabla ya kambare, ni vile nilijilaumu mwenyewe) tulikwenda kutafuta besi. Samaki huyu aliletwa Naivasha mwaka 1929 na wengine wetu tumesomeshwa naye. Marehemu baba aliwapigia makasia wageni waliokuja kumfuata yeye tu. Besi haviziwi chini kama kambare. Anakaa ukingoni mwa mafunjo, anasubiri samaki wadogo na wale kamba wekundu wa maji baridi walioingizwa ziwani 1970. Tunamrushia mnyoo wa plastiki, ncha ya ndoano imefichwa ndani ya mnyoo isinase majani. Kwa hiyo ndoano ina kazi ya kutoboa plastiki na mdomo kwa mshtuo mmoja, halafu istahimili, kwa sababu besi huruka nje ya maji akitikisa kichwa. Ndoano zenu mbili zilinyooka kama sindano ya kushonea magunia. Ya tatu ilikunjika ncha kwenye plastiki yenyewe, kabla samaki hajaguswa. Nimewawekea zote tatu kwenye bahasha hii. Zishikeni, mzikunje kwa vidole. Mtaweza.

Sasa nirudi kaunta.

Siku hiyo sikuja peke yangu. Nilikuja na binti yangu wa kidato cha tatu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenisaidia kupima na ndiye aliyeandika vipimo kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri. Alikuwa ameibeba rili ndani ya mkoba wake wa shule. Tulisimama kwenye foleni dakika 40. Tulipofika mbele nikasema, "Habari ya kazi, mwanangu," kwa maana msimamizi wenu ni kijana wa rika la mwanangu wa kwanza. Hakuitikia. Binti akamnyooshea ile karatasi ya vipimo. Hakuisoma, aliiweka chini ya kikombe chake cha chai. Ndipo akauinua mshipi juu, akawauliza watu lile swali lake la samaki na hadithi. Waliocheka walikuwa kama watu saba. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Soma karatasi kwanza." Akasema nyinyi wa ziwani mnavua kwa nyavu haramu usiku, asubuhi mnakuja mjini kutafuta pesa za bure. Mimi nina leseni! Niliitoa mfukoni. Hakuitazama pia. Akasema, na haya ni maneno yake yote, sijayapunguza wala kuyaongeza: "Mtoe huyu mzee, ananuka samaki, wateja wanashindwa kupumua."

Askari wenu ana adabu kuliko wote mliowaajiri. Alikuja akainamisha kichwa, akaniambia, "Twende tu polepole, mzee wangu." Sikushikwa, nilitembea mwenyewe. Karatasi ya binti ilibaki chini ya kikombe.

Tuliporudi, ndani ya matatu, kabla hatujafika Limuru, nilimwona binti yangu akigeukia dirishani na kunusa mkono wa sweta yake. Akanusa na ule mwingine. Hakuniambia kitu, nami sikumuuliza.

Mlango wa ofisi yenu ulikuwa wazi muda wote huo, Bwana Meneja. Aliyekuwa ndani alisikia. Kama ni wewe, basi hii barua haikupi habari mpya.

Kwa hiyo nafuta lile dai langu la juu. Sitaki tena kubadilishiwa. Nataka shilingi 14,350 zote, fimbo na rili mje mzichukue. Nataka 6,000 za mgeni na 1,600 za nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Jumla 21,950. Nataka roli zote za mshipi ule ziondolewe rafuni, maana kuna vijana kule ziwani wanajibana wiki nzima kununua roli moja. Na nataka barua ya kuomba radhi iliyotiwa sahihi na msimamizi huyo. Iandikwe kwa jina la binti yangu. Mimi nimeshazeeka, nimeitwa mengi.

Nilisema siku 14. Nimeandika hadi hapa na nimebadilisha nia: ni siku 7 tangu mpokee barua hii.

Siku ya nane nitafanya mambo mawili kwa pamoja. Nitapeleka roli yenu ya pili, ambayo sijaifungua, kwa Shirika la Viwango pamoja na vipimo vyangu. Na nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako dai la hadi shilingi milioni moja linasikilizwa na mtu anaweza kujisemea bila wakili. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na habari anazohitaji ili anufaike nayo. Nitakisoma kwa Kiswahili, polepole, msimamizi wenu akiwepo.

Na kabla ya hiyo siku ya nane, Jumamosi hii saa nne asubuhi nitakuwa nje ya mlango wenu, upande wa barabara ambao si wenu. Nitakuja na chupa, kikombe cha kupimia na ile roli ya kwanza. Atakayepita akitaka kuona nitamwonyesha. Mtungi nitaubeba mwenyewe; maji, nikiruhusiwa, nitawaomba nyinyi.

Wenu mteja,

Mwenye mashua, Naivasha.

Viambatisho: nakala ya risiti, ndoano tatu, vipande viwili vya mshipi, cha zamani na kipya, nakala ya karatasi ya vipimo (ya kwanza mnayo, chini ya kikombe).