Mwanangu, hiyo nyumba ya Goba usihame kwanza

Mwanangu,

Nakuandikia usiku huu huu baada ya kukata simu, maana tukiongea wewe unalia mimi napandisha sauti afu hatufiki popote, bora niandike utasoma ukitoka shifti kichwa kimetulia. Naandika kwa kidole kimoja na miwani sijui nimeiweka wapi, kwa hiyo ukikuta nimeruka ruka nivumilie.

Kwanza nimekuelewa na sikucheki. Umesema saa tisa usiku kuna kitu kinatembea darini, bomba la bafuni linafunguka lenyewe, mtoto analia nje upande wa mwembe na ukimulika tochi hamna mtoto, na Jumanne ukaamka huwezi kusogeza hata kidole, kama kuna mtu kakukalia kifuani. Afu yule jirani muuza chapati kakwambia mama yake mwenye nyumba alifia humo humo chumbani unamolala. Sasa mwenzako wa kazini kakupeleka kwa mtumishi wa maombezi, mtumishi kasema nyumba ina agano la majini, anataka laki tatu na nusu aje kuikomboa kwa chumvi na mafuta, na asipoweza uhame. Uhame wakati umelipa miezi sita na umekaa miwili, na dalali kashakula ya mwezi wake mzima!

Hiyo hela usitoe. Hata mia.

Siku ile tunaingiza kabati niliona kule nyuma bati na ukuta havijakutana, tundu lile anapita paka mzima. Kinachotembea kinaweza kuwa panya, popo, hata komba, na huyo huyo komba ndo mtoto wako anayelia mwembeni. Mimi nimekulia Pugu, komba akilia usiku unaweza kuapa kuna kichanga kimetupwa porini, bibi yako alikuwa anatuambia tulale hamna kitu hapo ila embe zetu ndo zinaliwa. Goba bado ina miti, komba hawajahama kwa sababu nyie mmejenga. Na bomba, we si ulinambia mwenyewe maji huko yanakuja kwa mgao? Unafungua mchana hamna kitu, unaliacha wazi, unaenda zako. Saa tisa yanarudi, linaanza kukohoa upepo, linakoroma kama mzee, afu yanamwagika. Hapa Tabata tulishawahi kuamka godoro linaelea, na hakuna aliyemsingizia jini.

Hilo la kifuani ndo jinamizi, kukabwa, na we nesi unanishangaza. Si wewe uliyemweleza baba yako mwaka juzi alipokabwa, kwamba ubongo umeshaamka ila misuli bado imelala, na linampata sana mtu ambaye usingizi wake umekatika katika na analala chali? Wiki tatu uko zamu ya usiku, nyumbani usiku unalala siku za off tu, siku nyingine unalala asubuhi na redio ya jirani, ulitegemea nini. Kitu kingine, umesema siku hizi unafunga madirisha yote kwa woga na mvua ikinyesha jiko la mkaa unaliingiza ndani. Acha kabisa, leo leo. Moshi wa mkaa ambao hata hauonekani unaleta kichwa kuuma na mawenge, na unaua. Huo ndo ninaouogopa mimi, kuliko huyo mtembezi wa darini.

Sasa usije ukasema mama kazeeka kawa haamini. Shetani yupo. Kanisa halijawahi kusema hayupo, Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho yake, inasema alikuwa malaika mwema akaasi kwa hiari yake, na inasema pia nguvu zake zina mpaka kwa sababu na yeye ni kiumbe tu, kaumbwa kama mimi na wewe na komba. Hapo watu wengi wanapapita haraka. Wanaongea kama vile Mungu na Shetani ni Simba na Yanga, leo huyu kesho huyu. Hamna ligi hapo mwanangu.

Tulikuwa na semina ya WAWATA, sisi wanawake Wakatoliki, pale parokiani, padre akatufundisha siku nzima kuhusu mambo haya haya, na daftari ninalo hapa. Kumpunga pepo mtu aliyepagawa, ile ibada kubwa, hafanyi kila anayejisikia. Kanuni ya 1172 ya sheria za Kanisa inasema lazima awe padre na awe na ruhusa maalumu ya askofu wake, na anayepewa ni padre mwenye uchaji, elimu, busara na maisha safi. Kitabu cha ibada hiyo cha zamani kilikuwa cha mwaka 1614, wakakirekebisha 1998, na vyote viwili vinasisitiza usikimbilie kuamini kwamba mtu kapagawa, hakikisha kwanza sio ugonjwa, hasa ugonjwa wa akili, huo ni kazi ya daktari. Dalili wanazoangalia ni kama mtu kuongea lugha asiyoijua, kujua mambo yaliyofichika, nguvu zisizolingana na mwili wake, na kuchukia vitu vitakatifu. Bomba lako linajua lugha gani?

Afu kuna hili nililipigia mstari mara mbili. Mwaka 1985 Roma iliwaandikia maaskofu, aliyesaini ni Kardinali Ratzinger aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 16, kwamba waamini wasijichukulie ile sala ya kupunga ya Papa Leo wa 13, na wasiokuwa na ruhusa wasiendeshe mikutano ya kutoa mapepo na kuyahoji mnaitwa nani mmetoka wapi. Sasa nikikumbuka hizo video unazonitumia, mtu kashika maiki anamhoji jini kama mtangazaji! Sala ya Malaika Mikaeli ni nyingine, hiyo sali tu, ni ya kuomba ulinzi na wala humhoji mtu.

Nyumba je? Na hapo Kanisa halikatai, mapadre wanaofanya kazi hiyo wanasema yule mwovu anaweza kusumbua hata mahali. Ila ona dawa yake ilivyo ya kawaida, padre anakuja anaibariki nyumba, anasoma Neno, ananyunyizia maji ya baraka, mnasali, mnakunywa chai anaondoka. Haina bei. Na hayo maji nayo sio dawa ya mbu kwamba ukipuliza wanakufa, ni kisakramenti, yaani ishara iliyobarikiwa, kinafanya kazi pamoja na imani na sala ya Kanisa. Hata rozari ukiitundika mlangoni huisali, ukategemea izuie vitu yenyewe, ushaigeuza hirizi. Baba yako mdogo alichukua chupa yangu ya maji ya Mkesha wa Pasaka kwenye friji akayanywa yote na bia juu, na hajabadilika.

Kuhusu marehemu mama wa watu. Mwanangu, Dar hii nyumba ipi hajafia mtu? Babu yako alifia chumba anacholala mdogo wako hivi sasa, tena anakoroma. Waebrania 9:27 imeandikwa watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Hawabaki kuzurura kwenye korido za wapangaji wakilinda masinki. Tunaamini mbinguni, jehanamu na toharani, hakuna ya nne inayoitwa Goba. Mababa wa Kanisa wa zamani walisema Mungu akitaka anaweza kuruhusu roho ya marehemu ijionyeshe, lakini hiyo ni kuomba msaada wa sala, haiji kukufungulia bomba. Na sisi kumwita au kumhoji marehemu tumekatazwa wazi, si unamkumbuka mfalme Sauli kwenye Biblia alivyomfuata yule mwanamke wa Endori amwitie marehemu Samweli, na mwisho wake ukawaje. Kwa hiyo huyo mama hahitaji chumvi ya mtu, kama anahitaji kitu ni Misa. Leo asubuhi nimepita ofisi ya parokia nimemwandikishia nia ya Misa, katibu ananiuliza jina la marehemu, nikamwambia silijui, andika mama yake mwenye nyumba wa Goba, Mungu anamjua.

Kuna mtakatifu mmoja, Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars kule Ufaransa, alifariki 1859. Alisumbuliwa na makelele nyumbani kwake usiku kwa zaidi ya miaka 30, milango inagongwa, mapazia kama yanachanwa. Ninachompendea ni kwamba mwanzoni alidhani ni wezi, akaomba wanaume wa kijijini waje walinde na bunduki. Mtakatifu yule! Alianza na wezi kwanza. Alipoona sio wezi akaamini ni Shetani, na hakuhama, akamzoea mpaka akampa jina la utani, asubuhi anaenda kuungamisha watu kama kawaida, akisema makelele yakizidi ujue kuna mdhambi mkubwa yuko njiani anakuja.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia, na ndo kimenifanya niandike yote haya.

Ulipokuwa na miezi saba ulipata degedege. Macho yakageuka, ukakakamaa kama ubao mikononi mwangu. Wanawake wa uani wakaniambia huyo kapitiwa na ndege, ni mambo ya shetani, ukimpeleka hospitali akachomwa sindano anakufa. Na mimi nilikuwa msichana wa miaka 22, nikawasikia. Tukakupeleka kwa mganga, akakufukiza mavi ya tembo kwenye kigae, nimekushikilia juu ya ule moshi unakohoa, akakufunga hirizi nyeusi shingoni, akachukua hela yote tuliyokuwa nayo. Siku mbili. Siku mbili mwanangu nimekaa na wewe ndani unachemka, najiambia dawa inafanya kazi. Usiku wa tatu degedege ikarudi, dereva teksi jirani yetu, Mwislamu, akaninyang'anya mtoto bila kuniuliza akakupakia kwenye gari. Malaria. Ulitundikiwa kwinini, daktari hakunigombeza, aliniangalia tu, bora angenigombeza.

Ukapona. Na hirizi sikuitoa! Niliogopa. Nakwenda kanisani Jumapili na wewe umevaa ile kitu ndani ya gauni. Ubatizo wako ulichelewa kwa sababu mimi na baba yako tulikuwa hatujafunga ndoa, ulipofika ulikuwa na miezi kumi. Padre akasali ile sala ya kumwondoa yule mwovu kwako, nikaitikia Amina, sauti imenyooka kabisa. Afu ikafika ile sehemu ya kumpaka mtoto mafuta kifuani, akakufungua kifungo, akaikuta. Hakupaza sauti. Akaiinua kwa vidole viwili akaniinamia, akaniuliza taratibu, "Mama, tumeshasali sala ya kumwondoa yule mwovu kwa mtoto huyu, sasa hii ni ya nini?" Sikuwa na jibu. Mkasi haukuwepo, mama yako wa ubatizo akainama akaikata kwa meno, akaiweka kwenye pochi yake, na baada ya hapo ndo padre akauliza mnamkataa Shetani, nikajibu namkataa. Kwenye ile picha unayoipenda kuna mstari mwekundu shingoni kwako, ulikuwa unaniuliza nakwambia joto. Sio joto.

Niliungama wiki ile ile. Ila kukwambia wewe ndo imenichukua miaka yote hii, na umekuja kuwa nesi unashika watoto wa degedege wa wenzako, na kila ukinisimulia akinamama wanaochelewa kuwaleta nanyamaza.

Kwa hiyo mtu akikwambia leta hela nikutolee majini, mimi nasikia harufu ya ule moshi. Usinilaumu.

Na sisemi kila kitu nakijua. Usiku wa tatu baada ya kumzika babu yako nilisikia kile kiti chake cha uzi kikilia barazani kama mtu anakaa, kikalia tena kama anainuka. Panya? Labda. Nilimwombea raha ya milele nikageukia upande wa pili. Mpaka leo sijamuuliza mtu.

Jumamosi nakuja. Fundi nimeshaongea naye, yule aliyetuzibia dari hapa, anakuja na wavu na kipande cha bati, mlipe yeye. Mwenyekiti wa jumuiya ya hapo mtaani kwako nimempata kupitia mwenzangu wa WAWATA, anashangaa kuna Mkatoliki nyumba ile miezi miwili na hajamwona hata siku moja, nimeona aibu kwa niaba yako. Katika Mathayo 12 pepo anarudi anaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, na we hapo umepamba kweli, mapazia mazuri, ila jumuiya hujui hata inasali kwa nani. Atamwomba paroko aje jioni kubariki. Andaa meza, kitambaa cheupe, mshumaa, na chai isiwe na tangawizi nyingi.

Usiku huo nalala mimi chumba hicho, wewe kalale sebuleni. Na bomba lifunge kabla hujatoka.

Mama