Mwanangu, tazama nani hakuketi mezani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika. Unauliza kwa nini vita vya mashariki ya Kongo haviishi ilhali mikataba hutiwa saini kila mara. Wengi watakujibu kwa neno moja: madini. Sikatai kwamba koltani na dhahabu hununua risasi, lakini ugomvi wa ardhi na uraia huko Kivu una mizizi mirefu zaidi. Sheria ya mwaka 1981 iliwavua uraia wengi wenye asili ya Rwanda, damu ikamwagika Masisi mwaka 1993, na mwaka uliofuata wakaingia wakimbizi zaidi ya milioni moja kutoka Rwanda, wauaji wa kimbari wakiwa miongoni mwao.

Ukisoma mkataba wowote, tazama kwanza nani hakuketi mezani. Mkataba wa Arusha kuhusu Burundi, ambao Mwalimu Nyerere aliusuluhisha hadi kifo chake mwaka 1999 na Mandela akaukamilisha, ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 bila makundi ya waasi ya FDD na FNL, yaani wale hasa waliokuwa porini na bunduki, na vita vikaendelea. FDD walikubali mwaka 2003, walipohakikishiwa nafasi katika jeshi ambalo lingegawanywa nusu kwa nusu baina ya Wahutu na Watutsi. Kwa maoni yangu, mgawanyo huo ulifanya kazi kubwa kuliko hotuba zote.

Huko Kongo, mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 yaliwaingiza jeshini waasi wa CNDP, ila makamanda wao wakabaki na nguvu zao katika maeneo yale yale. Mwaka 2012 baadhi yao waliasi wakidai mapatano hayakutekelezwa, wakajiita M23. Mwaka 2013 jeshi la Kongo liliwashinda, likisaidiwa na brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa na askari wetu wa Tanzania, lakini ushindi huo haukumaliza suala la ardhi wala la wakimbizi kurejea makwao. M23 walirudi vitani mwishoni mwa 2021, na Januari 2025 wakauteka mji wa Goma.

Mkataba wa Washington wa Juni 2025 ni wa Kongo na Rwanda. M23 walizungumza na serikali ya Kinshasa kando, huko Doha, Qatar. Ndiyo maana mimi hufuatilia zaidi habari za Doha, hasa watakachokubaliana kuhusu wapiganaji na mashamba ya waliokimbia.

Baba yako